Neno "ugaidi" lilizaliwa serikalini

Mnamo Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba radhi kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizomtangulia, kwa maovu ambayo Wakenya walitendewa na watawala wao. Akaahidi hazina ya Sh10 bilioni ya kuwafuta machozi waathiriwa. Kaskazini Mashariki, ambako familia nyingi bado zinamtaja mtu aliyetolewa nyumbani na askari asirudi, kauli hiyo ilikuwa imesubiriwa kwa miongo. Wiki moja baadaye, alfajiri ya Aprili 2, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini.

Msiba wa Aprili 2 ulipata jina kabla jua halijachwa: ugaidi. Maovu yaliyoombewa radhi wiki moja kabla yake yana majina mengine, yote ya upole: dhuluma za kihistoria, operesheni ya usalama, matukio ya kusikitisha. Atakayechunguza safari ya neno la Kiingereza ambalo sisi tulilitafsiri kuwa ugaidi atakuta kituko. Neno hilo lilipozaliwa halikumhusu mtu wa msituni hata kidogo. Lilibuniwa kueleza kazi ya serikali.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutisha, kumtia mtu tetemeko. Waingereza walipokea "terror" kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 14, likiwa na maana ya hofu kuu tu, kama ile inayomshika mtu anapokutana na simba. Siasa zililiingia huko Paris. Kuanzia Septemba 1793 hadi Julai 1794, serikali ya mapinduzi ya Ufaransa iliwakata vichwa watu wapatao 17,000 kwa hukumu za mahakama zake, na wengine maelfu wakafia gerezani au wakauawa bila kesi. Maximilien Robespierre, aliyekuwa sauti kuu ya utawala huo, hakuona haya kutetea vitisho. Februari 1794 aliliambia bunge kwamba kutisha ni haki tu, haki ya haraka na isiyopinda. Julai mwaka huohuo naye akapelekwa kwenye mashine ileile ya kukatia vichwa.

Ni baada ya kifo chake ndipo Wafaransa walipounda neno la kuwaita wafuasi wake, na mwaka 1795 mwandishi na mwanasiasa Edmund Burke akalitumia kwa Kiingereza kuwalaani. Kamusi ya Akademia ya Ufaransa ilipolipokea mwaka 1798, ililieleza kuwa ni mfumo wa kutawala kwa hofu. Kwa hiyo "terrorist" wa kwanza katika historia alikuwa mtu wa serikali: ana ofisi, ana muhuri, ana karani wa kuandika majina ya watakaokufa kesho.

Neno likageuka taratibu. Katika karne ya 19 wanamapinduzi wa Urusi walilichukua wenyewe kwa fahari, na mwaka 1881 wakamuua mfalme wao Alexander wa Pili kwa bomu. Karne ya 20 ilipofika, himaya za Ulaya zilikuwa zimekwisha kulihamisha kabisa. Aliyetawala kwa hofu akaitwa mlinzi wa amani. Aliyempinga, kwa njia safi au chafu, akapewa jina la Robespierre. Waingereza walilitumia Palestina, wakalitumia Malaya, na hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952 wakalileta Nyeri na Murang'a. Dedan Kimathi alinyongwa Februari 18, 1957 akiwa na jina hilo. Miaka 50 baadaye, siku ileile, sanamu yake ilizinduliwa katikati ya Nairobi. Nelson Mandela naye alitolewa kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa kwa ugaidi mwaka 2008, wakati alishakuwa rais, akastaafu, na kutimiza miaka karibu 90.

Lugha hugeuza maneno ya hofu kila siku, na si jambo la kushangaza. Kwa Kiingereza cha leo, "terrific" ni sifa, ingawa zamani lilimaanisha kitu cha kuogofya. Sisi pia, mshambuliaji akifunga mabao matatu tunasema jamaa ni hatari, anatisha, ni balaa. Waarabu wana mzizi mmoja unaozaa neno la ugaidi na neno la mtawa wa Kikristo, kwa kuwa mtawa ni mtu anayemwogopa Mungu. Wasomali husema argagixiso, neno lenye mshtuko ndani yake. Kiswahili kilichukua njia nyingine: kilimwendea gaidi, ambaye awali alikuwa mnyang'anyi tu, anayevizia wasafiri njiani, kikampandisha cheo. Mageuzi kama hayo hayamdhuru mtu. Yanayodhuru ni yale ambayo mwenye nguvu ndiye anayeamua neno litamwangukia nani, na yeye mwenyewe halimgusi kamwe.

Masalani ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Mji huu ndio makao makuu ya Ijara, kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana. Ng'ambo ya mto kuna Wapokomo na mashamba yao, na Waorma na ng'ombe wao. Upande huu Wasomali wafugaji ndio wengi, na katika Hifadhi ya Ishaqbini wenyeji wanamlinda hirola, swala adimu kuliko wote barani. Ukishuka kusini unaingia msitu wa Boni, unaovuka mpaka hadi Lamu, nyumbani kwa Waaweer, watu wa asali na uwindaji. Katika eneo hili hofu imepita na majina mengi, na kila jina liliacha alama.

Jina la kwanza kubwa lilikuwa shifta. Lilitoka kwa majirani wetu wa kaskazini, Ethiopia na Eritrea, na huko halikuwa tusi tupu. Shifta ni mtu aliyeasi na kuingia porini: anaweza kuwa mwizi, anaweza pia kuwa mtu wa heshima aliyedhulumiwa na mkubwa wake. Kassa Hailu aliishi kama shifta kabla ya kuvishwa taji mwaka 1855 na kuitwa Mfalme Tewodros wa Pili. Katika nchi ilikozaliwa, shifta wa jana angeweza kuwa mfalme wa leo.

Kenya ililichukua neno na kuliondolea heshima yote. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizunguka wilaya za mpaka wa kaskazini, ikakuta kwamba wengi walitaka kujiunga na Somalia. Maoni hayo yaliwekwa kando. Uhuru ukaja Desemba 12, 1963, na kabla mwezi huo haujaisha, serikali ya Jomo Kenyatta, mtu ambaye Waingereza walimfunga kwa madai ya kuongoza Mau Mau, ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Wapiganaji waliotaka kujitenga wakaitwa shifta. Punde si punde jina likawafikia wasiobeba bunduki: mchungaji, mama anayechota maji, mtoto wa shule. Wakakusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo yao ikauawa au kutaifishwa. Waborana wa Isiolo wanaikumbuka miaka hiyo kwa jina la Gaf Daba, wakati wa kuzuiliwa. Vita vilimalizwa kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967. Hali ya hatari ikaendelea hadi 1991.

Tuzingatie sheria moja. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kinga iliyowazuia wananchi kushtaki maafisa kwa mambo waliyoyatenda Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu kati ya Desemba 25, 1963 na Desemba 1, 1967. Dola lisingehitaji kinga kama halikuwa na la kukingwa. Robespierre angalau alipanda jukwaani akatetea vitisho vyake mbele ya watu. Watunga sheria wetu waliviandikia msamaha baada ya kutendeka, bila kuvitaja.

Ndipo ikaja Novemba 1980. Baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma nyumba za mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, ambako walishikiliwa kwa siku kadhaa. Wazee wa Garissa wanaliita tukio hilo Garissa Gubai, yaani kuchomwa kwa Garissa. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walipelekwa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, wakavuliwa nguo na kuachwa juani bila maji. Serikali ilisema waliokufa ni 57, manusura wakahesabu idadi kubwa mno kuliko hiyo. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipigwa msasa na kupewa kadi za rangi ya waridi kuthibitisha kwamba ni raia wa nchi waliyozaliwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika haya yote katika ripoti yake ya 2013. Kama kutawala kwa hofu kuna maana yoyote, maana yake ni hii, lakini katika mazungumzo yetu ya kila siku neno halijawahi kurudi nyumbani kwake.

Najua nitakachojibiwa. Mzazi aliyekwenda kutambua mwili wa binti yake Aprili 2015 hana haja na historia ya Ufaransa. Ni kweli. Kuwatoa wanafunzi vitandani, kuwatenga kwa dini na kuwapiga risasi ni ugaidi, na mtu anayetafuta neno laini zaidi ana lake jambo. Wauaji wa walimu watatu wa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, Januari 2020, hawastahili jina lingine. Mauaji hayo yalifanya maelfu ya watoto wa Garissa wabaki na madarasa matupu, kwa sababu Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji. Kundi la Al-Shabaab, lililokiri shambulio la chuo, hufanya kazi kwa hofu na hujivunia hofu hiyo. Hata jina walilojitwalia wameliharibu: kwa Kiarabu ni vijana tu, na huko Riyadh kuna timu kubwa ya soka yenye jina hilo ambayo mashabiki wake hawakimbii inapotajwa.

Ila kukubali hilo hakutuondolei swali. Kitendo kinapoitwa ugaidi, tunajua kilichotendeka na tunaweza kumtafuta aliyekitenda. Mtu, kabila au mji unapoitwa hivyo kabla ya kitendo, neno linaacha kueleza na linaanza kutisha. Hapo ndipo linaporudia kazi yake ya 1793 huku waliolishika wakidhani wanapambana nayo.

Mifano iko karibu. Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mitaa mingine, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la chuo, serikali ilichapisha orodha ya watu na mashirika 86 yaliyodaiwa kufadhili ugaidi. Ndani yake yalikuwamo mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa; miezi michache baadaye Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna kilichoyaunganisha na ugaidi. Wiki hiyohiyo kampuni 13 za hawala zilifungwa. Katika mji kama Masalani hawala ndiyo benki: ndiyo inayoleta karo kutoka kwa kaka aliye Minneapolis na bei ya ng'ombe aliyeuzwa soko la Garissa. Siku ilipofungwa, mwenye duka aliyekosa fedha za bidhaa hakuulizwa kama anamjua gaidi yeyote.

Kisha ikaja Operesheni Linda Boni, Septemba 2015. Waliojificha msituni walistahili kuandamwa. Lakini Mwaaweer aliyekuwa akiingia msitu huohuo kutafuta asali alikuta mlango umefungwa, na akiingia kwa siri anaonekana kwa umbo lilelile la mtu anayejificha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hapa ung'ongo ndio unaopigwa.

Na hofu ya namna hiyo haizai usalama. Mmoja wa waliouawa wakishambulia Chuo Kikuu cha Garissa alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa ameripoti kwa vyombo vya usalama kwamba mwanawe ametoweka. Huyo alikuwa chifu, mtu wa serikali, anayejua mlango wa kubisha. Mzazi wa kawaida, ambaye mwanawe hajarudi kwa wiki mbili, atabisha wapi ikiwa kutaja tu kutoweka kwa mtoto kunaweza kuigeuza familia nzima kuwa familia ya gaidi? Neno lililotandazwa juu ya watu wote linawanyamazisha hasa wale ambao taarifa zao tunazihitaji.

Kuna hofu nyingine iliyowahi kupita Ijara, na jinsi ilivyoshughulikiwa inafundisha. Mwishoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, mifugo ilianza kuharibu mimba na watu wakafa wakitokwa damu. Wafugaji waliitambua mapema. Kwao ina jina, sandik, pua inayotoka damu. Madaktari wakathibitisha kuwa ni homa ya Bonde la Ufa. Zaidi ya watu 150 walikufa nchini, masoko ya mifugo yakafungwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, chanjo ikatolewa, na mwaka 2007 ugonjwa ukaisha. Ilikuwa hofu kubwa, tena ya haki. Lakini ilikuwa na jina lake halisi, mbu wake, dalili zake, chanjo yake na mwisho wake. Marufuku ilipotimiza kazi, iliondolewa. Hakuna aliyesema Mwijara kwa asili yake ni homa.

Ugaidi, kama unavyotamkwa nchini, hauna mipaka ya namna hiyo. Umoja wa Mataifa umekuwa ukijadili mkataba wa jumla kuuhusu tangu 1996 bila kuafikiana tafsiri. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 iliutafsiri kwa upana, ingawa ilikuwa na busara ya kuyaweka kando maandamano na migomo isiyokusudia kudhuru watu. Busara hiyo imejaribiwa. Baada ya maandamano ya Juni 25, 2025, makumi ya vijana walifikishwa mahakamani kwa makosa ya ugaidi, na Julai mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa polisi wakitaja ugaidi, kisha akashtakiwa kwa kumiliki risasi kinyume cha sheria. Nairobi ilishangaa. Garissa haikushangaa. Neno lililozoezwa mpakani kwa miaka mingi lilikuwa limepanda basi kwenda mjini.

Sasa tufanye nini? Kwanza, sisi waandishi. Tutaje kitendo, mahali, waliouawa na kundi lililokiri, na tuache kuyageuza majina ya miji kuwa vivumishi vya hatari. Al-Shabaab wakiua, tuseme Al-Shabaab wameua. Polisi wakimtoa mtu nyumbani usiku na asionekane tena, tuseme ametekwa, na tuulize ni nani aliyetoa amri. Pili, waendesha mashtaka. Kuchoma kituo cha polisi ni kosa kubwa lenye sheria yake na adhabu yake. Kulifunga kwa kamba ya ugaidi ni njia ya kupata siku za kumzuilia mtu, na kila kesi hafifu ya namna hiyo inazipunguzia uzito kesi za kweli. Mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kusaidia shambulio la Garissa baada ya ushahidi kusikilizwa kwa miaka. Hiyo ndiyo kazi iliyotakiwa: polepole, kwa majina, kwa vitendo.

Tatu, serikali ilipe deni. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kufutwa kwa msasa wa ziada waliopitishwa vijana wa kaskazini kabla ya kupata kitambulisho. Ni hatua njema, na inathibitisha kwamba kwa miongo sita mtoto wa huko alikuwa mshukiwa kabla ya kuwa raia. Hata hivyo, mapendekezo mengi ya ripoti ya 2013 yangali kwenye karatasi, na waathiriwa waliotajiwa bilioni 10 bado wanasubiri.

Kampeni za 2027 zitafika Masalani kama kawaida, na helikopta na lesso. Kila mgombea na aulizwe maswali mawili mbele ya watu. La kwanza: hazina iliyoahidiwa Machi 2015 italipa lini, na itaanza na nani? La pili: yuko tayari kulitumia neno lilelile kwa mtu aliyewapiga risasi walimu wa Kamuthe na kwa mtu aliyetoa amri ya kuchoma Bulla Kartasi? Atakayelikwepa la pili asiaminiwe kwa la kwanza. Serikali haiwezi kulipa fidia kamili ya kitendo ambacho bado inaogopa kukipa jina lake.